Maswali ya Wasomaji: Mazda RX-8 na injini ya rota katika Nyanda za Juu Kusini

Barua nyingi za safari hii zimetoka Mbeya, Iringa na Njombe, na karibu zote zinahusu Mazda RX-8. Tunaelewa kwa nini. Ni gari la michezo lenye milango minne, na ukubwa wa injini yake ni cc 1,308 tu, karibu sawa na IST. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Injini ya IST ina pistoni zinazopanda na kushuka. Ya RX-8 ina rota mbili za pembetatu zinazozunguka ndani ya vyumba viwili, haina pistoni wala valvu, na matunzo yake ni ya aina yake peke yake. Tumechagua barua nne.

Kipimo kimesema injini yangu imekufa. Ni kweli?

*Nina RX-8 ya mwaka 2005, gia za mkono. Asubuhi inachelewa kuwaka. Fundi mwenye kipimo maalumu cha rota ameipima hapa Mbeya mjini, injini ikiwa ya moto, stata ikiizungusha mara 250 kwa dakika. Rota ya mbele imetoa mgandamizo wa kPa (kilopaskali) 640, 650 na 630. Ya nyuma 610, 620 na 600. Kitabu cha Mazda kinasema kiwango cha chini ni 680, na mpya ni 830. Fundi anasema injini imekwisha, ninunue nyingine ya mtumba. Nishaurini kabla sijatoa fedha. – Msomaji wa Forest Mpya, Mbeya*

Ndugu msomaji, usitoe fedha. Kwa namba hizo injini yako ni nzima, tena nzima kuliko RX-8 nyingi za umri wake.

Fundi wako amepima vizuri, kilichokosewa ni kulinganisha. Namba za kitabu ni za usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ina mgandamizo wa kPa 101. Mbeya mjini iko kwenye mita 1,700 hivi, na huko mgandamizo wa hewa ni kama kPa 82. Injini inavuta hewa nyepesi, basi hata ikiibana kwa nguvu ileile, kipimo kitasoma kidogo. Ili ulinganishe na kitabu, gawanya kila namba kwa 0.81, yaani 82 kwa 101. Namba yako ndogo kabisa, 600, inakuwa 740. Kubwa kabisa, 650, inakuwa 800. Zote ziko juu ya 680. Kwa hesabu hiyohiyo, injini mpya kabisa inayosoma 830 Dar es Salaam ingesoma kama 675 Mbeya, na fundi wako angeihukumu nayo. Kwa walioko Iringa mjini tumieni 0.82, Njombe mjini 0.79. Kyela, kule bondeni, ni 0.94.

Kitabu kinatoa masharti mengine mawili ambayo mafundi wengi huyaruka, nayo hayahitaji hesabu ngumu. Namba tatu za rota moja zisipishane zaidi ya kPa 150, na rota mbili zisipishane zaidi ya kPa 100. Zako zinapishana 20 ndani ya rota na 30 kati ya rota. Sili, yaani vyuma vyembamba vinavyozuia hewa isivuje, hazifi zote siku moja. Ukiona 640, 630 na 380 kwenye rota moja, hapo kuna sili iliyovunjika au iliyokwama, na hakuna hesabu ya mwinuko itakayoiokoa.

Namba zinakuwa tatu kwa sababu rota ina pande tatu, na kila upande unabana hewa yake ndani ya chumba. Kinachotenganisha pande hizo ni sili za ncha, vipande vyembamba vya chuma vilivyokaa kwenye pembe za rota vikisukumwa nje na springi. Pembeni kuna sili za ubavu, na pale zinapokutana kuna sili za kona. Uhai wote wa injini hii uko kwenye vyuma hivyo vidogo. Ndiyo sababu kipimo cha kawaida cha pistoni kinadanganya: kina valvu ndogo inayoshikilia namba kubwa kuliko zote, kwa hiyo upande mmoja mzima unaficha pande mbili mbovu. Fundi asiye na kipimo cha rota anaweza kuitoa valvu hiyo na kuangalia mshale ukiruka. Miruko mitatu iwe sawa, moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu. Mmoja ukiwa mfupi kila duru, tatizo limepatikana. Huo ni uchunguzi wa macho tu, hautoi namba za kujadiliana na muuzaji.

Mkirudia kipimo, injini ipate moto kwanza, fyuzi ya pampu ya mafuta itolewe, koili za umeme wa plagi zichomolewe, plagi ya juu ya kila rota itolewe, pedeli ya mafuta ikanyagwe hadi chini, stata izungushwe sekunde 5 hadi 10. Andikeni mizunguko pamoja na namba. Betri ikichoka na mizunguko ikashuka hadi 200, namba nazo zinashuka, na mtaikosea injini mara ya pili.

Sasa, kwa nini inachelewa kuwaka asubuhi? Sili mbovu kwa kawaida zinajionyesha injini ikiwa ya moto. Unazima sheli, unajaza mafuta, unarudi, inazunguka bila kuwaka mpaka ipoe. Yako inasumbua ikiwa ya baridi, na asubuhi za Juni na Julai za Mbeya unazijua mwenyewe. Anza na betri, kisha stata. RX-8 za miaka ya kwanza zilikuja na stata dhaifu, baadaye Mazda ikatoa yenye kasi zaidi, na tofauti inasikika kwa sikio. Kisha plagi na koili, ambazo tumezieleza kwenye majibu yanayofuata.

Nilisogeza gari mita kumi, likakataa kuwaka

*Kila Jumamosi namtolea kijana gari nje ya banda ili alioshe, kisha nazima. Wiki iliyopita likagoma kabisa, nje kunanuka petroli. Jirani alitaka kulivuta kwa kamba kwa gari lake. – Msomaji, Njombe*

Plagi zimelowa. Injini ya rota ikiwaka ya baridi inapewa petroli nyingi, na ukiizima kabla haijapata moto petroli hiyo inabaki ndani ya chumba. Inalowesha plagi na kuosha utando wa oili kwenye sili. Sili kavu hazibani, zisipobana haiwaki, na kila ukijaribu tena unaongeza petroli.

Mwambie jirani aifungue kamba. Gari likivutwa, petroli mbichi inasukumwa kwenye ekzosi hadi kwenye masega (kisafisha moshi kilicho ndani ya bomba), na injini ikishika ghafla petroli hiyo inawaka mlemle. Masega ya RX-8 ni ghali, na yakiharibika yanaiharibu injini yenyewe.

Fanya hivi. Chaji betri ijae. Kanyaga pedeli ya mafuta hadi chini kabisa uishikilie hapo, kisha zungusha stata sekunde 10. Pedeli ikiwa chini namna hiyo, kompyuta inakata petroli na injini inavuta hewa tupu. Pumzisha stata dakika moja. Rudia mara tatu au nne. Ikianza kukohoa, usiachie pedeli ghafla, iachie taratibu inapozidi kushika.

Ikigoma, toa fyuzi ya pampu ya mafuta na uzitoe plagi zote nne. Ziko ubavu wa kushoto wa injini, na zinafikika vizuri zaidi ukitoa tairi la mbele la kushoto. Zungusha stata plagi zikiwa nje, koili zikiwa zimechomolewa, na pasiwe na moto wala sigara karibu, maana petroli itaruka nje. Mimina kijiko kimoja cha chai cha oili ya injini kwenye tundu la chini la kila rota, zungusha kidogo ili oili isambae kwenye sili, rudisha plagi kavu au mpya, rudisha fyuzi, washa. Itatoa moshi mzito kwa dakika kadhaa. Ni ile oili, usiogope.

Plagi za juu na za chini si sawa. Za chini ni NGK RE7C-L, za juu ni RE9B-T. Tumeona maswali mengi ambayo mwisho wake ni plagi zilizobadilishana nafasi, au waya mbili zilizopishana wakati wa kurudisha. Tia alama kwenye kila waya kabla hujaugusa.

Kuanzia sasa, ukiliwasha usilizime mpaka mshale wa joto ufike mahali pake pa kawaida. Kama ni kulitoa bandani tu, kijana na alisukume. Weka gia huru, watu wawili wanatosha.

Mlimani Kitonga inaishiwa nguvu, chini panawaka mwekundu

*Nikipanda Kitonga nyuma ya malori, gari linaanza kumisi na taa ya injini inapepesa. Juzi nilisimama Ilula nikaona bomba la chini limekuwa jekundu. Oili pia inapungua kila nikisafiri. Mshale wa joto upo katikati siku zote. – Msomaji, Mafinga*

Hapa kuna mambo matatu, na la kwanza haliwezi kusubiri safari nyingine.

Taa ya injini ikipepesa maana yake petroli inapita bila kuungua. Kwenye RX-8 mtuhumiwa wa kwanza ni koili. Ziko nne, moja kwa kila plagi, na zile za awali zinachoka mapema, mara nyingi kati ya kilomita 50,000 na 100,000. Zinachoka taratibu: chini zinafanya kazi, kwenye mlima zinashindwa. Usibadilishe moja. Badilisha zote nne pamoja na waya na plagi, kwa mkupuo mmoja.

Petroli isiyoungua inaishia kwenye masega na kuungua humo. Ndiyo rangi nyekundu uliyoiona. Masega yakiyeyuka yanaziba, moshi unakosa njia, na joto linarudi kwenye injini. RX-8 inaumia zaidi kuliko RX-7 iliyoitangulia kwa sababu matundu yake ya kutolea moshi yako ubavuni, jirani kabisa na sili za ubavu. Kwa hiyo koili iliyoachwa miezi sita inaweza kuua injini. Kupima masega ni rahisi: fungua kihisi cha oksijeni cha mbele, funga geji ya presha kwenye tundu lake, piga resi hadi mizunguko 2,500. Ikizidi kPa 20, masega yameziba. Badilisha koili kwanza, ndipo uweke masega mengine, vinginevyo utayachoma na hayo.

Pili, oili. Kupungua si ugonjwa, injini hii imetengenezwa iile oili. Ina pampu ndogo inayoidondosha ndani ya vyumba ili kulainisha sili za ncha, na oili hiyo inaungua pamoja na petroli. Lita 1 kwa kila kilomita 1,500 hadi 2,500 ni kawaida. Kinachotutisha ni mtu anayesema RX-8 yake haipunguzi oili hata kidogo, maana huenda pampu hiyo haifanyi kazi na sili zinasaga chuma kikavu. Angalia kijiti kila unapojaza mafuta mara ya pili, gari likiwa kwenye tambarare. Mwaga kila kilomita 5,000. Kwa safari zenu za milima 10W-40 inakaa vizuri kwenye bearingi kuliko oili nyepesi.

Wamiliki wengi wanaongeza pia oili kidogo kwenye tangi, ile ya injini zinazochanganya oili na petroli. Mafinga mnayo madukani kwa sababu ya misumeno ya mnyororo ya mashamba ya Sao Hill. Chagua yenye alama ya JASO FD, inayoungua bila kuacha majivu mengi. Kipimo ni mililita 5 kwa lita moja ya petroli, yaani mililita 200 kwa lita 40. Usizidishe ukidhani unasaidia: oili nyingi inachafua plagi. Tunaunga mkono desturi hii, hasa kwa magari ya kabla ya 2008 ambayo yana midomo miwili tu ya oili kwa kila rota. Yaliyofuata yaliongezwa wa tatu.

Tatu, mshale. Usiuamini. Umepangwa ukae katikati hata joto likipanda sana, na ukianza kupanda, madhara yameshaanza. Nunua kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya uchunguzi chini ya dashibodi, kinachotuma namba kwenye simu, usome joto halisi la maji. Kati ya nyuzi 82 na 95 ni salama. Likifika 105, punguza mwendo, zima kiyoyozi, washa hita hadi mwisho. Likiendelea kupanda, egesha.

Injini hii ni vipande vya chuma cha kusubu na vya aluminiamu vilivyopangwa kama sandwichi na kubanwa kwa bolti ndefu. Aluminiamu inatanuka kuliko chuma. Kinachozuia maji yasiingie kati yao ni pete za mpira, na zikichemka mara moja vibaya hazirudi. Dalili ni mapovu kwenye tangi la maji injini ikinguruma, maji kupungua bila kuvuja popote, na moshi mweupe asubuhi. Kwenye mita 1,700 maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 94 mfuniko ukiwa mbovu. Basi mfuniko uwe mzima, na ndani iwe kulanti nusu kwa nusu na maji safi, si maji ya mfereji. Safisha pia rejeta ndogo za oili nyuma ya bampa ya mbele. Zinajaa majani na vumbi, na injini hii inapoozwa na oili kwa sehemu kubwa.

Kwenye mlima wenyewe, usiikokote injini kwa gia kubwa na mizunguko 2,000 ukidhani unaipumzisha. Shuka gia, iache izunguke 4,000. Ya gia za mkono yenye nguvu kubwa imejengwa kufika 9,000, na ikishapata moto inapenda kupelekwa huko mara mojamoja, kwa sababu kaboni inatoka na sili hazikwami.

Marekani walibadilishiwa injini bure. Na mimi je?

*Nimesoma kwamba Mazda iliita RX-8 zirudishwe na kubadilisha injini bila malipo. Yangu ni ya 2004 kutoka Japani. Nadai wapi? Na je, fundi wa Land Cruiser anaweza kuifungua injini hii? – Msomaji, Iringa*

Injini huwezi kudai, na ni vizuri ulijue hilo sasa. Lakini orodha ya wito wa Mazda inakuonyesha pa kuangalia kwenye gari lako.

Mwaka 2006 Mazda ya Marekani iliita magari ya 2004 hadi 2006, ikapima mgandamizo wa injini (kompresheni), ikabadilisha injini zilizoshindwa na kuweka programu mpya kwenye kompyuta ili oili zaidi idondoshwe kwenye sili. Baadaye iliongeza dhamana ya injini kwa magari ya 2004 hadi 2008, hadi miaka 8 au maili 100,000, ambazo ni kama kilomita 160,000. Dhamana hiyo ilikuwa ya magari yaliyouzwa kule, na muda wake ulikwisha zamani. Kwako, somo ni lile la oili tulilomweleza msomaji wa Mafinga.

Mwaka 2016 kulikuwa na wito mwingine Marekani, wa magari ya 2004 hadi 2008: pete ya mpira inayoziba pampu ya mafuta juu ya tangi inapasuka kwa joto. Hili lipime mwenyewe leo. Jaza tangi hadi juu, endesha nusu saa, kisha nyanyua kiti cha nyuma unuse. Ukisikia petroli, pete ibadilishwe kabla ya kitu kingine chochote. Petroli juu ya ekzosi ya moto ni hatari ya maisha.

La tatu halina mjadala: mifuko ya hewa ya usalama iliyotengenezwa na kampuni ya Takata. Dawa inayoijaza inaharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na siku ya ajali kasha linaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni. RX-8 zimo kwenye wito huo. Gari la Japani halina namba ya tarakimu 17 kama la Marekani, lina namba ya chesisi inayoanza na SE3P, kwa hiyo tovuti za Marekani zitaikataa. Ingiza namba hiyo kwenye ukurasa wa wito wa Mazda ya Japani, au umtake wakala aliyekuagizia akuchunguzie na akupe jibu kwa maandishi. Anayetaka kununua afanye hivyo kabla ya kulipa, gari likiwa bado Japani, ambako kazi ya wito hufanywa bure. Likishafika hapa kazi hiyo inakuwa ngumu mno.

Umeuliza pia mwishoni kama fundi wa Land Cruiser anaweza kuifungua. Anaweza, akiwa na kitabu, na subira. Atahitaji soketi ya milimita 54 kwa nati ya flaiwili, na seti kamili: sili za ncha 6, za ubavu 12, za kona 12, springi zake zote, pete za oili na pete za maji. Kabla hujanunua seti, mwambie afungue kwanza na aangalie kuta za ndani za vyumba vya aluminiamu. Zimepakwa kromiamu. Kromiamu ikiwa imebanduka ukingoni au imechimbika mistari, sili mpya zitakufa ndani ya miezi, na chumba chenyewe ndicho cha kubadilisha.